Miche Ndani ya Viriba

4 Mei

Mke mwenzangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi. Natumaini wewe na mama yako hamjambo, na kile kikohozi chako kimekwisha.

Nakuandikia kuhusu miche mliyokuja kupanda, wewe na ofisi yenu, katika shule iliyo nyuma ya nyumba yangu. Siku ile nilikaa mstari wa nyuma nikikutazama umeshika kipaza sauti, nikajivuna. Uliwaambia watoto kwamba kila mmoja ana mche wake, na mche ukifa, mwenyewe ndiye aliyeuua. Walikuamini. Tangu hapo wanakuja shule na maji kwenye chupa, na mimi, mwalimu mstaafu asiye na shughuli, nimejifanya msimamizi wao.

Sasa miche imegeuka njano. Wa kwanza kukauka ni wa yule binti tunayemwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haupumziki. Wenzake walimcheka, wakasema ana mkono wa kuua. Niliung'oa ili niwaeleze habari za mizizi, nikaona kitu, nikaurudisha shimoni kabla hawajasogea.

Umepandwa na kiriba chake, ule mfuko mweusi wa nailoni wa kitaluni. Jioni nilirudi peke yangu nikafukua mingine. Yote ni hivyo hivyo. Unajua, mzizi hutafuta maji kwa kwenda mbele. Ukikuta ukuta wa nailoni hugeuka, huzunguka, mwisho hujinyonga wenyewe. Nieleze, mjukuu wangu. Labda vibarua walisahau.

Bibi yako

11 Mei

Bibi, shikamoo.

Pole sana na goti. Sisi wazima, kikohozi kimeniacha, na mama anakusalimu.

Sitakudanganya. Hawakusahau. Mgeni rasmi alivaa nguo nyeupe, na bosi hakutaka udongo umwagike mbele ya kamera. Halafu viriba vikibaki, miche inang'olewa na kupelekwa shule nyingine kwa picha nyingine. Gari lilikuwa lije kuichukua, likaharibika. Nilijua, Bibi. Ofisi nzima inajua.

Lakini kazi yangu ni kuwahamasisha vijana wapende mazingira, na hao wamehamasika. Wewe mwenyewe umeziona chupa zao. Mwezi ujao tunarudi na zawadi. Nakuomba uwaambie ni jua kali. Ukisema ukweli mimi nitafukuzwa, na wao watavunjika moyo. Usinikasirikie.

Mjukuu wako

13 Mei

Mjukuu wangu,

Leo salamu ni fupi: nipo.

Nimeisoma barua yako nikaiweka chini ya sahani nisije nikaichana. Nimefundisha sayansi mpaka mvi zikaniota, na sijawahi kumwambia mtoto jambo ninalojua si kweli. Leo damu yangu mwenyewe inanituma nikalisingizie jua.

Acha nikufafanulie, maana naona ofisini kwenu hakuna wa kukufafanulia. Mtoto akipiga makofi hajahamasika bado, amepiga makofi tu. Mlimpa Chiriku kitu hai mlichokwisha kukifunga kitanzi, mkamwachia lawama, mkaondoka na picha. Jana nilimkuta amekaa ukutani wenzake wakimwagilia. Nikamwuliza chupa yake iko wapi. Akasema, "Mimi nikigusa kitu, kinakufa." Hakuongeza neno. Chiriku huyo!

Sitawaambia ni jua, wala sitakusemea. Utakuja mwenyewe, bila fulana za bure, bila kipaza sauti, bila bosi. Uje na wembe na ndoo. Baadhi ya miche ingali na uhai, na kila ukichelewa mizizi inazidi kujinyonga.

Usiponijibu, nitajua umenijibu.

Bibi yako

2 Juni

Mke mwenzangu,

Barua haikuja, ulikuja wewe. Natumaini ulirudi nyumbani salama na mama yako hajambo.

Usidhani hasira zangu zimekwisha. Nilikuona umepiga magoti kwenye udongo na sketi yako ya ofisini, unachana viriba, watoto wamekuzunguka kama wako mahakamani. Sikuwaambia wakupigie makofi. Chiriku alipokuuliza, "Ulijua?" niliogopa utanitazama mimi. Hukunitazama.

"Nilijua. Wewe hukuua kitu."

Akakunyang'anya wembe, akasema unachana ovyo, unakata mizizi. Tangu saa ile hajanyamaza, mpaka kichwa kinaniuma.

Zawadi zenu zilizoletwa jana wamezikataa. Mwalimu mkuu aliwabembeleza. Wakamjibu kwamba mgeni rasmi akija, ashike wembe kwanza.

Zaidi ya nusu ya miche imekufa. Iliyobaki inatoa majani. Ule mpya ulioupanda wewe katika shimo la Chiriku hawaumwagilii. Wanasema mwenyewe anajulikana. Niliwaeleza kwa kirefu kwamba mmea hauna kosa. Wakanisikiliza kwa adabu zote, kisha wakabeba chupa zao wakaupita.

Uliniambia hujui kama utabaki na kazi. Sina la kukupoza. Majani ya mche wako yameinama tangu asubuhi, na lango la shule huwa wazi Jumamosi. Uje na chupa yako.

Bibi yako