Bastola ya Ndugu Wawili

Oldenburg, 6 Februari

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Mkubwa Hedwig, na kwamba goti lake limetulia. Mimi sijambo, ila upepo wa huku kaskazini unakata masikio.

Bado naenda klabuni kulenga shabaha kila Alhamisi. Ikifika Oktoba nitakuwa nimetimiza mwaka wa mazoezi, nami nitaweza kuomba kibali cha silaha yangu mwenyewe. Nataka bastola ya silinda, kwa mashindano ya mita ishirini na tano. Lakini kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia nichukue ile nzito ya risasi za 357. Mwalimu wetu Onno ananicheka: "Wewe dada, na hicho kiwiko cha korongo? Ukifyatua hiyo tutakuokota uwanja wa jirani!"

Tangu Baba afariki sina mwingine wa kumuuliza. Nifundishe.

Mwanao,
Imke

*

Kijijini, 19 Februari

Mwanangu Imke,

Marahaba. Sisi hatujambo. Hedwig anakusalimu, anasema goti lake linatabiri mvua kuliko redio.

Onno ana ulimi mrefu lakini hakukosea sana. Nguvu haikupi pointi hata moja. Karatasi haihitaji kuuawa, inahitaji kutobolewa mahali pake.

Anza na mpini, usianze na jina la kiwanda. Hakikisha silinda ni tupu, kisha hakikisha tena, hata kama muuzaji amekwisha kuhakikisha mbele yako. Ishike, elekeza kwenye shabaha, fumba macho, inua mkono, fumbua. Kama alama ya mbele ya kulengea imekaa yenyewe katikati ya mwanya wa nyuma, mpini huo umekukubali. Kama inabidi usokote kiganja kuitafuta, irudishe kabatini. Mtutu uwe wa inchi sita, kwa sababu alama mbili zikiwa mbali, kosa dogo la mkono unaliona mapema. Vuta nyundo nyuma polepole, ujaribu kuitikisa silinda kwa vidole. Ikicheza kama jino la mtoto, achana nayo.

Risasi, chukua za 38 zenye kichwa bapa na baruti kidogo. Zinatoboa tundu la duara safi, kama la mashine ya kutobolea karatasi za ofisini, na mwamuzi hana la kubishana. Hata hizo usinunue nyingi kabla ya kujaribu, maana bastola nayo huchagua chakula chake. Ukizipiga katika bastola ya 357, maana humo nazo huingia, sugua vyumba vya silinda jioni hiyohiyo, kwa kuwa risasi fupi huacha pete ya masizi ndani.

Nimekueleza hayo yote, sasa nakuambia usinunue.

Unajua mimi na baba yako tulikuwa tukishindana kwa bastola moja. Gerold alianza siku zote, hakuwa na subira, kisha ananikabidhi mpini ukiwa bado na joto la mkono wake. "Haya, mzee, kaharibu sasa." Mikono yangu imeanza kutetemeka, na sikuzaa. Oktoba, kibali chako kikitoka, njoo uichukue. Hakuna kitu kingine cha baba yako nilichobaki nacho ambacho bado kinafanya kazi.

Wako,
Baba Mkubwa

*

Oldenburg, 18 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Barua yangu ya Mei hukuijibu, nikasema labda ni shughuli za sherehe ya klabu yenu. Lakini jana nilipiga simu, Mama Mkubwa akainua, akasema "Yuko bustanini," akakata. Hata hali hakunijulia. Yeye, ambaye hunishika dakika nzima kwa habari za paka wa jirani!

Mimi naendelea. Ile hila ya kufumba macho nimeijaribu kwa bastola za klabu, na Onno ameacha kucheka. Wamenichagua kwenye timu ya msimu wa vuli. Nimewaambia nitakuja na bastola ya Baba.

Mnaumwa? Niandikie.

Imke wako

*

Kijijini, 2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mwili ni mzima. Nisamehe ukimya. Nimeianza barua hii mara kadhaa.

Mwezi wa Mei walikuja wakaguzi wawili wa silaha, bila taarifa, kama sheria inavyowaruhusu. Nilikuwa nyuma nakata matawi ya waridi. Hedwig aliwakaribisha. Unamjua: mgeni haketi mezani kwake bila kahawa, na siku hiyo kulikuwa na keki ya plamu. Mmoja akamuuliza kwa adabu, "Mama, kabati la silaha la mzee tunaweza kuliona?" Naye akamjibu, "Bila shaka, ngojeni niwaletee ufunguo."

Nilipoingia na mkasi wangu mkononi, ufunguo ulikuwa mezani, kando ya bakuli la sukari.

Nilikuwa nimeuficha kwenye bati la vikatio vya biskuti za Krismasi, nikijiona mjanja. Kumbe kila Desemba yeye alikuwa akiutoa, anaoka biskuti zake, anaurudisha mahali pake. Alidhani najua kwamba anajua.

Wewe umesoma sheria: asiye na kibali haruhusiwi kuufikia ufunguo huo, hata akiwa mke. Mkaguzi aliweka uma chini. Alikuwa kijana mpole, uso ulimwiva. Akasema, "Mama, usingefanya hivi." Hedwig akamwuliza, "Kufanya nini? Keki ina kasoro?"

Nami nikasema mbele yao, "Hedwig, umenimaliza."

Barua ya ofisi imefika wiki iliyopita. Mimi ni mtu asiyeaminika. Ndilo neno lao. Kibali kimefutwa, na kabla ya Septemba kumalizika bastola lazima iende kwa mwenye kibali, la sivyo ofisini ikayeyushwe.

Baba Mkubwa

*

Oldenburg, 5 Agosti

Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo, na pole, pole sana.

Nisikilize. Kibali changu hakiwezi kutoka kabla ya Oktoba, nimeuliza. Lakini Bernward, rafiki yako wa klabu, si ana kibali na kabati? Mpe aipokee kwa jina lake, mimi nitaichukua kwake baadaye. Ni safari ya ofisini na saini, basi. Haivunji sheria yoyote. Atafurahi kukusaidia, yule mzee anakupenda mno.

Na Mama Mkubwa je? Umezungumza naye? Hakujua. Mwambie tu kwamba hakujua.

Nakuomba, usingoje. Simwombi mtu mwingine kitu duniani.

Mwanao,
Imke

*

Kijijini, 27 Septemba

Mwanangu Imke,

Marahaba.

Ulichoshauri kilikuwa sahihi, na kilikuwa rahisi. Nilimwendea Bernward hadi mlangoni. Nilimsikia ndani akimfokea mbwa. Sikubisha hodi.

Wewe hujui ni nani aliyemfundisha Bernward namna ya kutunza ufunguo. Ni mimi. Kila mwanachama mpya wa klabu hii amekaa mbele yangu, nami nikamwandikia ubaoni: silaha, risasi, ufunguo. Vijana walikuwa wakiniiga nyuma ya mgongo, "Na uuu-funguo, mabwana!" Ningemwambia nini? Klabuni nimewaandikia kwamba naacha kulenga na kufundisha kwa sababu ya mikono.

Basi juzi niliipeleka ofisini mwenyewe. Kabla ya hapo niliisafisha, pete ya masizi nikaisugua yote. Afisa akauliza kwa nini nimejisumbua. Nikamwomba kalamu, nikatia saini.

Hedwig haoki tena. Tunakula mkate wa dukani. Ufunguo nimeutundika kwenye msumari, kando ya mlango wa jikoni, aone kwamba hakuna tena cha kuficha katika nyumba hii. Anaupita kila asubuhi bila kuutazama.

Baba Mkubwa

*

Oldenburg, 21 Novemba

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nilikasirika, ndiyo maana nilinyamaza. Sitakuficha: nililia kama siku ya mazishi. Ulichoyeyusha kilikuwa cha watu watatu.

Kibali kilitoka. Nimenunua bastola iliyotumika, ya 357, mtutu inchi sita. Nilifumba macho, nikafumbua, alama ilikuwa pale. Nimejaribu aina nne za risasi. Imezikataa tatu. Jumapili tulishindana. Sikushinda, lakini shabaha ya mwisho matundu yalishikana, na Onno akanong'ona, "Nani kakufundisha, korongo?" Nikamwambia, baba zangu.

Mpini ulikuwa wa baridi.

Ule ufunguo, utoe msumarini. Wewe unasema "hakuna cha kuficha." Mama Mkubwa anasoma, "Tazama ulichofanya." Wewe mwenye kueleza kila kitu, hilo umemweleza?

Krismasi naja. Mwambie nataka biskuti za nyota.

Imke

*

Kijijini, 14 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Hongera kwa shabaha. Endelea na hiyo aina ya risasi iliyokubaliwa, na ununue ya kutosha kutoka kundi moja la kiwandani, maana makundi hutofautiana.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Nilisema nitamweleza Jumapili, baada ya kanisa. Nilipanga maneno kama somo, lipi litangulie, lipi lifuate. Jumapili mvua ilinyesha, goti likamuuma, nikaona tungoje.

Ijumaa nilirudi kutoka dukani nikakuta nyumba kimya. Hedwig yuko kwa dada yake, mjini Soest. Shemeji alipiga simu kusema amefika salama, na kwamba kwa sasa nisije. Nguo zake nyingi zipo. Bati la vikatio ndilo amelichukua.

Usije Krismasi, mwanangu. Nenda kwake. Mwombe hizo nyota, atakuokea.

Msumari uko mtupu. Ufunguo ameuacha mezani, kando ya bakuli la sukari, palepale.

Nakunywa kahawa upande wa pili wa meza. Sijauondoa.

Baba Mkubwa