Picha ya Julia Haina Mjomba

Jumatano, 6 Agosti
Mji mzima unajua sasa. Jumamosi picha aliyoitengeneza Julia, sinema kabisa, inaonyeshwa ukumbini, hapahapa Masasi! Julia wa marehemu dada yangu Esther. Nimemlea mimi, nimemsomesha mimi, mjomba wake. Na mimi shule yangu ni ngumbaru tu, lakini mwandiko huu hata mwalimu anauonea wivu.

Sokoni nimewaambia wote: humo nimo. Si Julia na watu wake walikuja na kamera wakaazima baiskeli yangu, koti langu, na kofia? Koti la Benedikto limpendeze nani kama si Benedikto? Husseni, mtani wangu, Myao asiye na haya, anasema wataonyesha mgongo tu, sura itapasua kioo. Nimemwambia aje akae mbele.

Wameigiza safari yangu ya Ndanda. Julia mdogo, degedege limemkamata, mvua inamwagika, gari hakuna. Nikamfunga mgongoni kwa khanga ya mama yake, kama mwanamke, nikapiga pedali mpaka hospitali. Njiani simba wawili. Haya — mmoja. Husseni anasema mbwa. Mbwa ana manywele shingoni?

Mke wangu Veridiana anasema nipunguze mdomo. Hajui kukaa na staa.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimetoka kwenye picha. Sitaki kuandika.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani sijaenda. Wataniuliza.

Baiskeli nimeiona. Koti nimeliona. Ndani ya koti kijana wa Dar. Nikasema sawa, mimi mzee, lazima kijana aniigize. Nikampiga Husseni kiwiko — huyo mimi! Anaendesha vizuri, mvua ileile, khanga ileile. Mtoto mgongoni akasema, "Baba, tumefika?"

Baba!

Oscar! Baba mzazi, yule aliyepanda zake Newala Julia anatambaa, akaoa huko, hata peremende hakuleta. Ndiye kapewa baiskeli yangu. Picha nzima mjomba hayumo. Hata wa kupita na ndoo.

Na picha nzuri, hiyo ndo inaniuma. Mwisho baba kazeeka, yeye na binti yake wanamenya mihogo, hawasemeshani, mara binti anamsogezea kisu chenye makali. Basi. Ukumbi mzima unalia. Na mimi. Nikamwambia Husseni ni salfa, ile dawa tunayopulizia mikorosho, imeniingia machoni.

Husseni hakunitania. Mtani kunyamaza! Hapo ndo nikajua nimepigwa kweli.

Jumanne, 12 Agosti
Julia kaja na sukari. Shikamoo mjomba. Marahaba nimeitikia puani.

Anasema watu wa mbali hawaelewi habari ya mjomba. Kila aliyemsimulia anamuuliza, baba wa mtoto yuko wapi? Nikamwambia ungewajibu yuko Newala, magari yapo kila siku. Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Kasema, nilitaka nimwone baba ananibeba, mjomba. Hata kwa uongo.

Uongo ananiambia mimi! Uongo naujua, nimeishi nao. Lakini mimi niliongeza simba. Yeye kapunguza mtu.

Jumamosi picha inapanda Newala. Oscar kaalikwa, atakaa mbele. Sukari nimemwachia Veridiana. Chai nakunywa bila.

Ijumaa, 15 Agosti
Wamekuja. Julia na Oscar, na jogoo! Oscar kakonda, ana fimbo, anakohoa. Nilikuwa nimemwekea matusi ya miaka yote, yamepangwa vizuri. Nikamwona alivyo, nikasema karibu, shemeji.

Akatazama viatu vyake weee. Ndo akasema: shemeji, kesho ndo picha. Newala wameshaanza kunipa mkono barabarani. Wataniuliza siku ile ilikuwaje. Nisaidie nisiaibike.

Nimecheka mpaka Veridiana katoka jikoni na mwiko! Mwizi kaja kuomba na funguo.

Nikamwambia simama. Nikachukua khanga ya Veridiana na mto wa kitandani, nikamfunga mgongoni. Siyo hivyo, shemeji, fundo lije kifuani, mtoto asiteleze. Inama kidogo. Shika usukani. Mikono yangu inakumbuka yenyewe. Nimempa tope, nimempa cheni iliyochomoka, nimempa wanawake walionicheka kwa khanga. Simba sijampa. Simba wangu.

Halafu akauliza, "Na mtoto? Njiani alikuwa anasema nini?"

Julia kainamisha kichwa. Nikasema ngojeni nifuate miwani.

Miwani ninayo usoni. Niko chumbani, naandika. Nje jogoo anawika. Oscar bado ana mto mgongoni, fundo langu hajui kulifungua.

Julia anaita. Mjomba! Neno lilelile la njiani, mgongoni kwangu.

Anaita tena.

Sijaitika.