Kibibi Changu Sikiachi

Kiegeani, Mafia
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limetulia, maana baridi ya Njombe naijua. Mama je, kikohozi kimemwachia? Mimi sijambo kabisa. Sijakonda, siumwi, wala sijalogwa kama alivyokwambia mjomba.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatia kabla sijamaliza kusema. Karatasi huwezi kuikatia. Umesikia kwamba mwanao mwalimu anacheza gemu hadharani na wanaume, ukasema niombe uhamisho nirudi nyumbani kabla sijakuaibisha zaidi mbele ya wazee wenzako wa kanisa. Aliyekuletea habari amekuletea nusu. Nusu nyingine hii hapa.

Ni kweli nacheza. Karibu na shule kuna banda la Bi Zuhura lenye televisheni na mashine ya gemu, na walimu, mafundi na wavuvi hupumzikia pale. Gemu yenyewe ni ya kupanga: vipande vya rangi vinashuka kutoka juu, vya rangi moja vikikutana vinapasuka, na takataka zake zinamwangukia mpinzani. Anayejaa hadi juu ameshindwa. Kabla ya kuanza kila mtu anachagua mhusika wake, na mabingwa wote humchagua simba, kwa sababu ana mbio.

Siku moja nilikuwa nimekaa mbele ya kioo cha televisheni, bado sijachagua, akapita Bi Somoe, mama mwenye nyumba wangu. Hapa, Baba, salamu haitupwi tu huku mtu kakaa. Niliweka chini pedi ya kuchezea, nikasimama, nikamwamkia. Akaitika marahaba, akauliza nilivyoamka, akauliza shule, akauliza nyinyi huko bara hamjambo. Nami nikamuuliza wajukuu, ukili wa mikeka anaosuka, na mguu wake. Niliporudi kukaa, nikakuta kwenye kioo mhusika ambaye hakuna aliyewahi kumwona: kibibi kilichoinama, kina mkongojo. Kumbe kimefichwa, na hujitokeza ukikaa muda mrefu bila kugusa kitu. Wenzangu wamechezea mashine ile miaka na miaka hawakukijua, maana wao huitikia salamu macho yakiwa kwenye gemu.

Nikakichagua. Walicheka mpaka machozi, kwa kuwa vipande vyake vinashuka polepole kuliko vya wote. Mimi nilikipenda palepale. Anayeshushiwa polepole anapata muda wa kufikiri, na mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka minne hana haja ya haraka.

Idi Pili, baada ya alasiri, Bi Zuhura akaandaa mashindano. Nikafika fainali na Fundi Selemani, mtengenezaji wa injini za boti, ndiye bingwa wa pale. Aliponiona nimetulia nakingoja kibibi changu, akainuka.

"Huyo hayumo! Mwalimu achague mtu wa kueleweka, kama sisi."

"Nimemkuta humu humu kwenye mashine, Fundi. Sikuja naye kutoka bara."

"Basi mwache huyo, au uache kucheza."

"Siachi."

Watu wakaguna. Mwalimu mwenzangu akaninong'oneza nikubali yaishe, eti mimi mgeni. Baba, nilikasirika! Miaka minne naenda nao mazishini na harusini, leo nakaribia kushinda ndiyo nimekuwa mgeni? Nikabaki nimekaa na pedi yangu mkononi. Mwisho Bi Zuhura akaamua: "Aliyemo kwenye mashine yangu, yumo. Chezeni."

Nilijaa karibu na juu mara mbili. Fundi anakimbiza simba wake, mimi nangoja kipande cha buluu, hakiji. Kilipokuja, vyangu vyote vikapasuka kwa mfululizo, na takataka zikamfunika mwenzangu hadi juu. Akaangua kicheko mwenyewe, ni muungwana yule, akanipa mkono, akaniomba nimfundishe kukiita kibibi. Nikamwambia aanze kwa kusimama akisalimiwa.

Sasa tuje kwetu. Mkuu wa shule ameniambia ulimpigia kumuulizia uhamisho wangu. Hilo limeniuma, Baba, sikufichi. Nina miaka thelathini na moja. Nimemjibu kwamba siombi uhamisho, na wewe nakujibu hivyo hivyo. Siondoki Mafia, na kibibi changu sikiachi. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini simu ukiniona napiga, pokea.

Msalimie Mama, mwambie mkeka niliozawadiwa kwa kushinda ni wake. Mdogo wangu Neema asome kwa bidii, na akitaka kucheza, acheze. Shangazi Bahati mpe pole ya shamba. Mjomba Fadhili aliyekuletea umbea naye msalimie, tena sana.

Na hili hukuambiwa. Hapa mshindi hatangazwi kwa jina lake peke yake. Bi Zuhura aliniuliza mbele ya umati wote, "Mwalimu Tumaini binti nani?" Nilisimama nikalitaja jina lako lote, Baba, na wakalipigia makofi.

Mwanao asiyehama,
Tumaini