Kompaila ya Neema

Jumatatu, 7 Julai
Umeme umekatika tena. Nimesoma kazi ya mwisho ya mwanafunzi wangu Neema kwa betri ya kompyuta. Ni kompaila ndogo, programu ya kutafsiri programu nyingine. Sasa yuko kwenye sehemu ya mwisho, inayogeuza programu kuwa amri za prosesa. Mimi ndiye msimamizi wake. Amri zake ni fupi na safi kuliko zangu. Ananiita Prof. Mimi asistanti tu, na tasnifu yangu imelala sandukuni. Inaniuma.

Jumatano, 9 Julai
Nimeliona kosa. Fonksyoni, kile kipande cha programu, ikiita nyingine, haitunzi kwanza thamani yake iliyo kwenye rejista, kijisanduku cha prosesa. Inayoitwa inaandika juu yake. Mifano yake yote ni midogo, kwa hiyo kosa limejificha.

Neema aliuliza, "Prof, muliona kosa fulani?" Nikasema iko muzuri. Aliye juu mngoje chini.

Ijumaa, 11 Julai
Anaimba kwenye korido. Mjinga. Asipopita, mjomba wake anamtaka aende soko la Ariwara akauze vitenge, kumsomesha amechoka. Aliniambia mwenyewe, akicheka. Dhamiri ilinisumbua kidogo wakati wa kula. Kisha ikanyamaza.

Jumatatu, 14 Julai
Utetezi wake mbele ya jopo. Nilimwacha aongee, ajione. Kisha nikampa programu ya faktoria, fonksyoni inayojiita yenyewe. Faktoria ya tano, yaani tano mara nne mara tatu mara mbili mara moja, ni mia moja ishirini. Mashine ikatoa moja. Nikamwomba arudie. Moja. Jopo likacheka. Nilifurahi, sifichi.

Mwenyekiti alisoma uamuzi kwa Kifaransa: hakupita. Mama yake, mfugaji wa Djugu, hajui Kifaransa. Aliona watu wanasimama, akadhani mambo yamekwenda vizuri. Akatoa kopo la poda, ile wanayomwagiwa waliofaulu. Nusu akammwagia binti yake. Nusu iliyobaki, mimi, kichwani.

"Aksanti sana, mwalimu! Mulinisomeshea mutoto!"

Akapiga vigelegele peke yake. Neema akamshika mkono, wakatoka, yeye bado mweupe kwa poda. Mimi nilibaki nikijipangusa.

Alhamisi, 17 Julai
Neema alipita kuaga. Anakwenda Ariwara kesho. Aliniomba radhi kwa ajili ya mama yake. Kisha akauliza alikosea wapi. Nikamwambia atafute mwenyewe. Akashukuru.

Alipoondoka niliifungua kazi yake. Niliongeza amri mbili: moja ya kutunza thamani kabla ya kuita, moja ya kuirudisha baadaye. Mia moja ishirini, papo hapo. Nikazifuta, nikafunga kompyuta. Mvua imenyesha alasiri yote.