Mudomo wa kitunga cha Kahindo

Masika mutoto wangu,

Nakusalimia sana, wewe na batoto. Nilifika Beni muzima, mais mvua na barrière za basoda hazikutuachilia njiani.

Habari ya mama yako mudogo Kahindo, yule vita ilimukimbiza toka Manguredjipa, niliipata ku soko ya Beu, humu Beni. Mama moja alikuwa nauzisha bitunga. Nikaona kimoja, roho ikaruka: kimesukwa vile bibi yako wa Kipese alitufundisha mimi na Kahindo tu, ukindu mweusi ukipanda kama mulima. Mais mudomo wake, ule ukingo wa juu, ulifungwa na mukono mwingine. Unajua, kwetu mwenye kuanza kitunga ndiye nakifungaka mudomo. Hata akigonjwa, banamungoja. Donc nilijua kuna kitu kilimupata dada yangu, nikauliza ule mama:

"Mwenye kukianza iko wapi?"

"Mama, tulikimbia naye," akasema. "Homa ikamushika mu pori. Tulimuzika kando ya njia. Kitunga nilikimaliza juu batoto bangu bakule. Unisamehe."

Nilimukumbatia. Nikamuachia kikwembe changu cha mabega, akanipa kitunga.

Masika, unasemaka kusuka ni kazi ya bazee. Sasa mukono wa bibi yako umebakia kwangu tu. Ule mudomo hatutaufungua, ni wa mukono uliomuzika dada yangu. Mais nikirudi, utakaa karibu yangu na utaanza chako.

Funga mulango mapema. Mungu akufunike kwa ajili yangu.

Mama yako