Siagi Iliyogoma Kuyeyuka

3 Januari

Binti yangu,

Mimi mzima, ila goti linanung'unika kama mpangaji. Mumeo na mjukuu wangu hawajambo? Umeniagiza niiweke siagi kwenye friji. Sitaki! Meno yangu matatu hayataki ugomvi na mtu. Siagi inayokaa juu ya kaunta ya jikoni ni laini, napaka mkate bila vita.

Ila kuna kioja. Joto la siku hizi linazitoa jasho hata kuta, lakini siagi nikiiweka ile kona ya kaunta karibu na mlango, inaganda kama sabuni ya kufulia. Nikiisogeza kidogo, inayeyuka. Kona ina baridi yake. Usicheke.

Baba yako

10 Januari

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, mtoto ameanza kutambaa. Sijacheka. Toka humo ndani uje ukae nasi, chumba kipo. Unanitisha, Baba.

Mwanao

21 Januari

Marahaba mwanangu,

Nije kwako nifokewe kwa kukoroma? Thubutu! Ila baridi imehama. Natembea na kisahani cha siagi kama daktari na kipimo chake. Juzi iliganda kwenye kiti changu, jana juu ya mto wangu, upande wa ukutani. Nikasema kwa sauti: "Mgeni, kwa kizee kama mimi unajitesa bure. Nenda kwa binti yangu, yeye ndiye mpenzi wa baridi, ana friji kubwa." Nikamwelekeza na mtaa, geti la kijani.

Kulipokucha, kila nilipoiweka siagi iliyeyuka ikawa mafuta, nyumba nzima. Kumbe anasikia! Nimecheka hadi nikakohoa. Sasa sihami ng'o.

Baba yako, mwenye nyumba

2 Februari

Shikamoo Baba,

Nimesoma barua yako nikachukua siagi, nikapita nayo vyumbani. Kote inayeyuka. Pembeni ya kitanda cha mtoto imeganda. Mtoto mwenyewe anapatazama hapo pasipo na mtu, anacheka, ananyoosha mikono abebwe. Baba, umetufanyia nini?

Mwanao

4 Februari

Mwanangu,

Salamu baadaye. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, mimi nafuata na la kesho. Nimeshafunga nyumba. Mgeni ni wangu, nitaondoka naye mwenyewe. Hameni chumba hicho, msiseme naye, wala asitaniwe na mtu.

Na mtoto akinyoosha mikono tena, mwahi wewe kumbeba.

Baba