Koti Linaloningoja Laare

Majimbo, Embu. Jumatano ya Julai, manyunyu tangu alfajiri.

Nimeamka na neno moja kichwani: koti.

Jana Kawira, binti wa marehemu mdogo wangu, alinipigia simu kutoka Laare. Jumamosi wakwe zake wanaleta mahari. Kwetu Meru, pamoja na asali na kitita cha miraa, huja blanketi la mama na koti la baba. Wageni humvika koti hilo mbele ya watu wote, na tangu hapo hakuna wa kuuliza mwenye boma ni nani.

"Baba mkubwa, wanauliza saizi yako."

Nikamwambia Mutuma yupo, avikwe yeye. Mutuma ni mtoto wa binamu yetu, yule aliyetutoa kwenye shamba letu tukahama.

"Mutuma atapewa soda kama wengine," akasema. "Baba yangu hayupo. Usipokuja, nitaolewa kama mtu asiye na kwao. Ama umekuwa Mwembu kabisa?"

Nilimwambia nitampigia.

Nilitoka Laare nikiwa kijana. Mdogo wangu alirudi baadaye, akapewa kipande cha ardhi. Mimi, tangu nitoke, sijalala kule hata usiku mmoja.

Basi, badala ya kufikiria safari, nikafungua kamusi. Hivyo ndivyo nifanyavyo ninapoogopa.

Waingereza walilipokea neno hili kutoka kwa Wafaransa, na Wafaransa, wasemavyo wataalamu, kutoka kwa watu wa kaskazini waliolitumia kwa kitambaa kizito cha sufu. Likawa vazi refu, la wanaume na wanawake. Likafupishwa. Leo Mwingereza hulitumia hata kwa manyoya ya mbwa na kwa rangi iliyopakwa ukutani. Sisi tukalivutia kwetu, tukaliongezea irabu mwishoni. Kila lilikohamia lilipewa kazi, nalo likaifanya.

Nilipofunga kamusi, lililobaki ni koti la baba.

Lilikuja siku ya mahari ya dada yangu. La kijivu, zito, mabega mapana kuliko yake. Jua lilikuwa kali, jasho likimchuruzika shingoni, lakini hakulivua mpaka mgeni wa mwisho alipovuka kijito. Baadaye alilivaa kila alfajiri akienda kwenye miraa, likanuka moshi na majani mabichi. Tulipoondoka, lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Nililiona. Mikono yangu ilikuwa imejaa vyombo.

Sijui nani alilivaa baada yetu.

Neno lilihama, na hakuna aliyewahi kulipigia simu kulisihi lirudi. Mimi nimepigiwa.

Leo asubuhi mke wangu, Mwembu asiye na subira na wazee wanaojihurumia, alinisimamisha katikati ya sebule akanipima mabega kwa utepe wake wa kupimia.

"Umebaki kama hanga ya kutundikia nguo," akasema. "Mpigie mtoto."

Nikampigia, nikamsomea vipimo. Akavirudia kimoja kimoja.

"Umepungua, baba mkubwa."

"Waambie walete kubwa zaidi," nikamwambia. "Nitavaa sweta ndani. Laare kuna baridi asubuhi, nami nitalala huko."

Manyunyu bado hayajaisha. Nimeanza kutafuta sweta.